Chujio, Umeme na Maji ya Kisima: Mafunzo Niliyopata kwa Kufuga Samaki Sebuleni

Najua tangi umeshalipangia mahali. Pengine fundi wa vioo ameshakuja kupima ukuta wa sebule, na swali ulilobaki nalo ni moja: chujio lipi? Mimi nimekuwa nikifuga samaki wa mapambo hapa Dar es Salaam tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi. Siku hizi wanaonisumbua kwa maswali ya samaki ni wajukuu. Katika muda huo nimenunua karibu kila aina ya mtambo wa kusafisha maji unaouzwa mjini, mingine kwa tamaa, mingine kwa kuona haya kumwambia muuzaji hapana. Nakuandikia ili pesa yako iende kwa samaki, isiishie kwenye stoo kama yangu.

1. Maji yanaweza kumeta na bado yakaua

Chujio langu la kwanza lilikuwa lile dogo linaloning'inizwa ukingoni mwa tangi, linalovuta maji kwa mrija na kuyarudisha yakiporomoka upande wa mbele. Nililisugua tangi, nikajaza maji, nikawasha, na jioni hiyo hiyo nikaingiza samaki wa dhahabu. Maji yalimeta. Wageni walisifia. Wiki haikuisha kabla samaki hawajaanza kupanda juu wakihema, mapezi wameyabana mwilini, kisha mmoja baada ya mwingine wakaelea. Nilirudi dukani nimefura.

"Mama, maji yalichafuka?" kijana wa duka akaniuliza.

"Yachafuke wapi! Masafi kuliko ninayokunywa."

"Basi mashine haina tatizo, mama yangu. Labda samaki walikuwa wagonjwa."

Nikaridhika. Nikanunua wengine. Nao wakafa.

Kilichokuwa kikiwaua hakina rangi. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kinachozama bila kuliwa kikioza huongeza amonia nyingine. Sponji la kuzuia takataka haliizuii amonia hata kidogo, kwa kuwa imeyeyuka majini. Wanaoimaliza ni bakteria. Kundi moja, ambalo wanasayansi huliita Nitrosomonas, hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine, hasa Nitrospira, hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia isipozidi. Bakteria hao hujishika kwenye kokoto, kwenye kioo, na zaidi ya kote ndani ya chujio, ambako maji yenye hewa na chakula chao hupita mchana na usiku. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Kwa kawaida huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga, na mimi nilikuwa nimewapa muda wa kupika chai.

Nilishangaa sana kujua kwamba kile nilichodhani ni mashine ya usafi kwa kweli ni nyumba ya kupangisha. Tangu hapo sikuuliza tena chujio linang'arisha maji kiasi gani. Huuliza lina nafasi kiasi gani ya bakteria kukaa: sponji nene, au vile vipande vya kauri vyenye vitundu visivyohesabika. Boksi dogo lenye kadi moja nyembamba ndani yake, hata likiwa na taa za rangi, ni chumba kimoja kwa wapangaji mia.

Nunua chujio mapema, liache lifanye kazi kwenye tangi lisilo na samaki, tupia punje chache za chakula kila siku zioze, na upime amonia na nitriti mpaka zote mbili zisome sifuri. Ukitaka njia ya mkato iliyo halali, mwombe rafiki mwenye tangi la siku nyingi akupe kipande cha sponji lake lililochakaa, kikiwa bado kibichi, ukiweke ndani ya chujio lako. Ataona ajabu kwamba unataka uchafu wake. Mwache aone.

2. Pima tangi kwanza, boksi ulisome baadaye

Niliwahi kununua chujio kwa sababu tu muuzaji alisema, "Hii ni ya Mjerumani, mama." Sikuuliza inasukuma lita ngapi, wala mwenyewe sikujua tangi langu ni la lita ngapi.

Hesabu ni ya darasa la sita: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, ugawe kwa 1,000. Tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 50 ni lita 200. Toa kokoto, mawe na nafasi ya juu isiyojazwa, utabaki na kama 170. Wafugaji wengi huchukua mtambo unaozungusha maji yote ya tangi mara nne au tano kwa saa, na kwa samaki wa dhahabu, ambao hula na kuchafua kupita kiasi, huzidisha. Lakini namba iliyo kwenye boksi kwa kawaida hupimwa pampu ikiwa tupu, bila sponji ndani na bila kupandisha maji juu. Ukishaijaza sponji na kuiweka chini ya meza, mkondo hupungua sana. Mimi huisoma namba hiyo kama bei ya kwanza anayotaja muuzaji sokoni.

Na nguvu nayo ina upande wa pili. Yule Mjerumani wangu aliwasukuma gapi hadi kona ya tangi, mikia yao mirefu imepeperuka, wakashindwa hata kufika kwenye chakula. Samaki wa mkia mrefu na vifaranga wanataka mkondo wa upole.

Halafu jambo ambalo halihusu chujio ila sitalala nisipolitaja: lita 200 za maji ni kilo 200, kabla hujahesabu kioo na mawe. Kabati la televisheni halikutengenezwa kwa kazi hiyo.

3. Fuata maji yako mpaka yanakotoka

Hapa ndipo nilipopoteza pesa nyingi zaidi, na nilizipoteza nikijiona mjanja.

Nyumbani tuna maji ya aina mbili. Ya bomba hutoka mto Ruvu, husafishwa na kutiwa klorini, kisha hukaa kwenye simtanki letu. Ya kisima cha kuchimba ni magumu: sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko mweupe, na binti yangu huyalaumu kwa kila nywele inayokatika. Nikawaza: ikiwa sisi watu hatuyapendi, samaki je? Wakati huo nilikuwa nimepata samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, wale Neolamprologus multifasciatus wanaojificha ndani ya magamba matupu ya konokono, wasiozidi urefu wa kidole. Viumbe wa thamani, wanastahili maji ya thamani. Nikanunua mtambo wa majumbani unaosukuma maji kupitia utando wenye vitundu vidogo mno na kuacha nje karibu kila kitu kilichoyeyuka, ule ule ambao watu huuweka jikoni kwa maji ya kunywa. Nikajaza tangi kwa maji yasiyo na chochote.

Walianza kufifia rangi, wakajificha wasitoke hata kwa chakula. Nilipopima, pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, ilikuwa imeporomoka chini ya 7.

Ziwa Tanganyika lina madini mengi, na pH yake huwa kati ya 8.5 na 9 hivi. Samaki wake wameumbika kwa maji hayo. Mtambo wangu uliondoa madini yale ambayo wao wanayahitaji, na maji yasiyo na madini hayana kitu cha kuzuia pH isiteremke, kwa sababu bakteria wale wale wa chujio hutoa asidi wanapofanya kazi. Jirani mmoja aliyekulia Kigoma alipokuja kuangalia alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, unawapa maji ya mvua watu wa ziwa?" Tulirudisha maji ya kisima kidogo kidogo, kwa siku nyingi, na samaki wakachangamka. Maji yaliyoshindwa kutoa povu la sabuni ndiyo yaliyofaa tangu mwanzo. Mtambo niliuhamishia jikoni, na huko sina malalamiko nao.

Lakini usichukulie kwamba kila kisima kinafaa. Ugumu ni jambo moja, chumvi ya bahari ni jingine, na sehemu nyingi za pwani visima vimeingiwa na chumvi. Onja. Kama ulimi unaikuta chumvi, samaki wa maji baridi wataikuta kabla yako.

Na kuna deni linalokuja pamoja na maji ya pH ya juu, ambalo ndilo lililonifanya nisilifanyie ubahili chujio la samaki wa maziwa yetu. Amonia huwa katika sura mbili majini, moja kali na moja hafifu, na pH ndiyo huamua ipi izidi. Kwa joto la nyuzi 25, kwenye pH 7 ile kali haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8 inakuwa kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi nzima, na maji yakipata joto la Dar ya Januari inazidi hapo. Kosa dogo la kulisha ambalo samaki wa maji laini angelivumilia, kwa samaki wa Tanganyika ni msiba. Kwa hiyo kwao chukua chujio kubwa kuliko hesabu inavyodai.

Kuhusu maji ya bomba: klorini inayowekwa ili sisi tusiugue, kiasi kidogo sana chake huunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria wa chujio. Weka maji kwenye ndoo pana usiku kucha na zaidi, ukiwa na kipampu cha hewa kinachoyakoroga, nyingi itaondoka. Pia kuna dawa ya matone, ambayo mara nyingi kiini chake ni thiosalfeti ya sodiamu, inayomaliza kazi kwa dakika. Ukiishi mji unaotumia kloramini, kusubiri hakutasaidia. Tumia dawa iliyoandikwa kuwa inaiondoa.

4. Chagua chujio kwa kuangalia siku umeme hautakuwepo

Wanaotangaza mitambo hii huchukulia umeme kama hewa. Sisi tunajua.

Kwa muda mrefu nilijivunia chujio la kanista, lile pipa dogo lililofungwa ambalo hukaa chini ya tangi, likiwa na trei za sponji na kauri, na mipira miwili ya kuleta na kurudisha maji. Kwa umeme wa uhakika sijaona bora kuliko hilo kwa tangi kubwa. Nikaenda Morogoro kwenye harusi ya mpwa wangu. Huku nyuma umeme ukakatika usiku, ukarudi kesho yake mchana. Maji yaliyofungiwa ndani ya pipa yalikuwa yameishiwa oksijeni ndani ya saa chache, bakteria wakafa, uchafu ukaanza kuoza, na umeme uliporudi pampu ikayatema yote ndani ya tangi. Nilifungua mlango nikakuta harufu ya yai viza. Sitaeleza zaidi.

Nilichojifunza siku ile ni kuheshimu chujio la sponji, kitu ambacho nilikuwa nakidharau kwa urahisi wa bei yake: kipande cha sponji kwenye mrija wa plastiki, kinachovuta maji kwa viputo vya pampu ya hewa. Halina urembo, na sauti yake ya kububujika itawakera wageni wanaolala sebuleni. Lakini pampu ya hewa inatumia wati chache sana. Zipo zenye betri ndani, zinazochaji umeme ukiwepo na kuendelea zenyewe ukikatika, na hata betri ndogo ya sola huibeba usiku mzima. Sponji lenyewe liko wazi ndani ya tangi, hivyo bakteria wake hawakosi hewa haraka kama wale wa ndani ya pipa. Siku hizi kila tangi langu lina sponji moja, hata lile lenye kanista. Kanista likilala, sponji linakesha.

Joto nalo lina neno. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita; ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Mwenzako wa Njombe, kwenye baridi, ana muda wa kutafuta mshumaa. Wewe wa pwani una muda mfupi. Umeme ukikatika usilishe, na kama huna betri, chota maji ya tangi kwa jagi na uyamimine kutoka juu, kila baada ya muda. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiliwashe kanista moja kwa moja: lichomoe, mwaga maji yaliyomo, suuza trei kwa maji ya tangi, ndipo uliunganishe.

Na uiweke pampu ya hewa juu ya usawa wa maji, au utie ile vali ndogo ya bei ya soda kwenye mpira. Pampu ikizimika, maji yanaweza kurudi kwa mpira mpaka kwenye soketi. Zulia langu la zamani lingekuwa shahidi, kama lingekuwepo.

5. Usilioshe chujio kwa bidii

Nimelelewa na mama aliyekagua visigino vyetu kabla ya kulala. Kwa hiyo chujio lilipoota utelezi wa kahawia nilijua la kufanya: bomba limefunguliwa mpaka mwisho, sabuni ya unga, nikalifikicha sponji kama kola ya shati la shule Jumapili jioni. Likarudi na rangi yake ya dukani. Siku chache baadaye nilikuwa tena kwenye msiba ule wa somo la kwanza, nikiwa na samaki niliokwisha kuwapa majina.

Ule utelezi ndio wapangaji wenyewe. Unapobadilisha maji, chota ya tangi kwenye ndoo, libonyeze sponji humo mara kadhaa mpaka mkondo urudi kupita, basi. Libaki na rangi mbaya. Kama chujio lina vitu viwili ndani, osha kimoja leo na kingine baada ya wiki kadhaa. Sabuni isisogee karibu.

Hapa niseme wazi nisichokipenda: mitambo midogo ambayo kijitabu chake kinakuambia utupe kadi yote kila mwezi na ununue mpya. Kila ukitupa kadi umetupa na bakteria wako, na duka limepata mteja wa kudumu. Mkaa maalumu uliomo ndani ya kadi hizo ni kweli huondoa harufu, rangi ya manjano na mabaki ya dawa, lakini hujaa baada ya wiki chache, na tangi la kawaida linaishi vizuri bila huo. Unapotibu samaki ni lazima uutoe, la sivyo unaimwaga dawa upande mmoja na mkaa unainywa upande wa pili. Mimi hukata sponji la kawaida, lisilotiwa dawa, kwa umbo la kadi na kulitumia hadi litakapochakaa.

6. Vilivyoko stoo

Hita: kwa Dar ni pambo. Njombe au Makete, ambako Juni na Julai baridi hukaribia kugandisha, ni lazima kwa samaki wa kitropiki. Taa ya mionzi ya kuua vijidudu: inaua mwani unaoelea na baadhi ya vimelea vinavyopita mbele yake, ila amonia haiigusi. Niliinunua kwa sababu maji yangu yaligeuka kijani. Yaligeuka kijani kwa sababu tangi lilikaa mbele ya dirisha la magharibi. Nililisogeza tangi. Taa ipo, anayeitaka aje.

Chujio la chini ya kokoto, zile sahani zenye matundu, nalo ninalo. Linafanya kazi vizuri mpaka siku unapotaka kulisafisha, maana inabidi uling'oe tangi zima.

7. Ndoo bado ni yako

Baada ya kununua mtambo mkubwa nilijipa likizo ya kubeba ndoo. Maji yakipungua kwa mvuke nilijaziliza, nikaamini kazi imekwisha. Amonia ilisoma sifuri, nitriti sifuri, na mimi nikawa mtaalamu wa mtaa. Kisha mwani ukaanza kufunika kila jiwe, na samaki wapya niliowaleta hawakumaliza siku mbili, ilhali wa zamani waliendelea tu. Nilipopima nitrati, kipimo kilifika rangi ya mwisho kwenye karatasi. Wa zamani walikuwa wameizoea ikipanda taratibu. Wageni waliangukia ndani yake ghafla.

Machujio ya kawaida ya nyumbani huishia kwenye nitrati. Kuitoa ni kazi ya kubadilisha maji, robo ya tangi kwa wiki ni kipimo kizuri cha kuanzia, na kujaziliza hakuhesabiki: mvuke huondoka peke yake na kuacha madini na nitrati nyuma. Kipimo kikibaki chini ya miligramu 40 kwa lita, mimi hutulia. Kikipanda nazidisha ndoo au napunguza chakula. Mimea husaidia. Chukua shina la mani planti, lile linalotambaa kwenye veranda za watu, ning'iniza mizizi yake majini huku majani yakibaki nje. Hunywa nitrati bila kukudai umeme.

Maji unayoyatoa usiyamwage barabarani. Mchicha wangu unayapenda kuliko mbolea ya dukani, na jirani hutuma mtoto na dumu kila Jumamosi. Ila kama wiki hiyo ulitia chumvi tangini kutibu madoa meupe ya samaki, mwambie mtoto arudi wiki ijayo, na mwaga hayo mbali na bustani. Tuta zima la miche michanga limeniponyoka hivyo.